Ndege wa Bagamoyo Hawaji Kula Bata

Kila safari ya Bagamoyo inapopangwa hapa chuoni, utasikia kauli ileile: twendeni tukale bata. Kauli hiyo nimeisikia hata kwa wenzangu wa zoolojia, tena wa mwaka wa tatu, wakiitumia kwa vile vindege vya rangi ya tope vinavyokimbia mbele ya mawimbi pale ufukweni. "Hao wamekimbia baridi ya Urusi, wamekuja kula bata." Inachekesha, maana ni ndege kwenda kula ndege. Ila ukiikagua kibaiolojia haina miguu. Hakuna kiumbe pale ufukweni anayebana matumizi kama yule, wakiwemo wanafunzi ambao boom lao limechelewa.

Nimchukue mmoja awe mfano wetu. Kitaalamu anaitwa Calidris ferruginea. Mimi hapa nitamwita chamchanga. Ana mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, na uzito wake wa kawaida ni gramu 55 au 60 hivi, yaani mwepesi kuliko simu yako. Anazaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, maeneo ya Taymyr, kwenye majira ya joto mafupi yasiyofika hata miezi mitatu. Kuanzia Agosti na Septemba anaanza kuonekana kwetu: matope ya Kunduchi, Mbegani, mdomo wa mto Ruvu, mpaka juu huko Saadani. Mwezi wa nne au mwanzoni mwa wa tano anaondoka. Kutoka Taymyr hadi hapa ni zaidi ya kilomita 9,000. Ndani ya mwaka mmoja anapita kwenye upepo wa barafu, jua la Bagamoyo la mwezi wa pili, maji ya chumvi, na siku nyingi za kuruka bila kula. Mwili uleule mmoja. Anawezaje?

Jibu liko kwenye umetaboli. Neno hilo tumelikariri toka sekondari bila kulionea utamu. Umetaboli ni jumla ya matumizi ya mwili: chakula kinavunjwa, nishati inatoka, inalipia joto, misuli, ubongo, ukarabati, kila kitu. Chini ya matumizi hayo kuna kiwango cha chini kabisa, umetaboli wa msingi. Ndege anawekwa kwenye chemba yenye giza, tumbo tupu, ametulia, joto ni lile lisilomlazimisha kutetemeka wala kuhema, halafu wanapima oksijeni anayotumia. Ni sawa na bajaji iliyo sailensa: haiendi popote, lakini mafuta yanaisha. Na kwa ndege yanaisha haswa, kwa sababu mwili wake unakaa kwenye nyuzi 40 au 42 za Selsiasi. Wewe ukifika hapo unakimbizwa hospitali.

Sasa, wengi tunadhani kwamba mnyama akitaka kupunguza matumizi anatulia tu, basi. Chamchanga na jamaa zake wanafanya zaidi ya hapo. Wanabadilisha ukubwa wa injini yenyewe. Ini, figo, utumbo na moyo ni viungo ghali. Vinakula nishati hata mwenyewe akiwa amelala. Huko kwenye baridi ndege wa aina hii anahitaji injini kubwa, maana chakula kingi lazima kisagwe haraka ili joto litoke. Huku kwetu injini hiyo ni hasara, na vilevile ni balaa, kwa sababu inazalisha joto ambalo hana pa kulipeleka. Mwaka 1998 Marcel Kersten, Theunis Piersma na wenzao walichapisha utafiti kuhusu ndege wa pwani wanaohamia Afrika, waliowapima upande wa magharibi, na wakakuta umetaboli wao wa msingi uko chini kuliko wa ndege wa aina hizo wanaokaa kwenye baridi ya Ulaya. Pwani yetu iko upande wa pili wa bara, ila joto ni lilelile na ndege wengi ni wa aina zilezile.

Hata wenyeji wa ukanda wa joto wanaishi kwa mwendo wa taratibu. Mwaka 2007 Popko Wiersma na wenzake walilinganisha ndege wa Panama na wa Marekani ya kaskazini, wakakuta wale wa Panama wana umetaboli wa msingi mdogo kwa asilimia 18 hivi. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa watu wa pwani wana mambo ya polepole, mjibu kwamba ndege wa tropiki wameonyesha ni akili.

Lakini joto nalo lina gharama zake, na hapa ndipo watu wa "kula bata" wanapopotea zaidi. Ndege hana tezi za jasho. Mwangalie kunguru wa mjini, yule mwenye shingo ya kijivu ambaye ukoo wake uliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, saa nane mchana juu ya paa la bati: mdomo wazi, anahema. Anapoza mwili kwa kuvukiza maji kwenye koo na njia ya hewa. Kuhema ni kazi ya misuli, na kazi ya misuli inatoa joto jingine tena. Ni kama kujipepea kwa nguvu mpaka ukatoka jasho kwa sababu ya kujipepea. Njiwa amekwepa mtego huo kwa kuvukiza maji mengi kupitia kwenye ngozi bila kufungua mdomo. Ndio maana kwenye waya uleule njiwa anaweza kuonekana ametulia kama yuko ofisini yenye kiyoyozi, na kunguru anaonekana kama amekimbia mbio ndefu. Wote wawili wanalipa kwa maji, na maji matamu ufukweni ndiyo hayapo.

Hapo tunaingia kwenye chumvi, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kaskazini ya mji wa Bagamoyo, pale Nunge, kuna mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye vidimbwi vilivyozungushiwa kingo za udongo, jua linayachemsha polepole mpaka chumvi inabaki. Kunduchi napo yapo, Saadani napo. Maji ya bahari yakijaa na matope yote yakafunikwa, ndege hawana pa kutafuta chakula, kwa hiyo wanahamia kwenye kingo hizi. Wanasimama kwa mamia, mguu mmoja juu, nyuso zikielekea upepo. Kijana mmoja anayefanya kazi ya kukwangua chumvi pale aliniambia yeye hana haja ya kuuliza maji yamefika wapi. "Hawa abiria wakishuka, bahari imejaa. Wakianza kuondoka, imeanza kupwa." Miezi ya kusoma jedwali la maji kupwa na kujaa, na yeye anasoma ndege.

Chamchanga anakula minyoo, vikonokono na kaa wadogo ambao miili yao imejaa maji yenye chumvi sawasawa na bahari. Figo za ndege peke yake haziwezi kuiondoa yote. Kwa hiyo juu ya macho yake kuna tezi mbili zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu na kuitoa kama matone makali yanayopitia puani. Ukimwona anatikisa kichwa ghafla na kitone kinaruka, hana mafua, anatoa chumvi. Tezi hizo nazo zinakua na kusinyaa kutegemea chumvi iliyopo. Na zinakula nishati. Jorge Gutiérrez na wenzake huko Hispania waliliweka jambo hili kwenye namba mwaka 2011. Walichukua ndege wa jamii hiyohiyo ya Calidris, aina ya alpina, wakawazoesha maji matamu na baadaye maji yenye chumvi kama ya bahari. Kwenye chumvi umetaboli wa msingi ulipanda kwa asilimia 17, na matumizi ya nishati ya siku nzima kwa asilimia 20.

Hebu itafsiri hiyo kwa hesabu za hosteli. Fikiria umehamia mtaa ambao kila kitu ni bei ileile, ila ukifika tu unakatwa asilimia 20 ya hela yako ya matumizi kila siku, kwa ajili ya hewa tu. Hiyo ndiyo kodi ya kukaa ufukweni. Joto la Bagamoyo linampunguzia chamchanga gharama upande mmoja, chumvi inamrudishia upande wa pili. Anaishi kwenye tofauti iliyobaki katikati.

Kuanzia mwezi wa pili mambo yanabadilika. Siku zinazidi kurefuka huko kaskazini anakokwenda, na ndani ya mwili wake kalenda ya homoni inaamka hata kama hapa kwetu, nyuzi sita tu kusini ya ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana. Anaanza kula kama vile kuna mtu anamkimbiza. Utumbo na ini vinapanuka ili kuhimili chakula hicho. Manyoya ya kijivu yanadondoka, yanaota mengine yenye wekundu wa matofali, na kuotesha manyoya nako kunahitaji protini na nishati. Kutoka gramu 55 anapanda hadi 80 na zaidi. Nyongeza karibu yote ni mafuta, maana gramu moja ya mafuta ina nishati zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na ikiunguzwa inaacha maji kidogo zaidi ya gramu moja. Yaani tangi lake la mafuta ndilo tangi lake la maji.

Halafu, siku chache kabla ya kuondoka, anafanya jambo ambalo lilinifanya nifunge kitabu nikae kimya kidogo. Mashine ya kusaga chakula aliyotoka kuijenga anaanza kuibomoa. Utumbo unasinyaa, ini linapungua, huku misuli ya kifua na moyo vikiimarika. Piersma na Robert Gill waliliandika hilo mwaka 1998 kwa kupima ndege wa jamii ya Limosa lapponica huko Alaska: zaidi ya nusu ya uzito wao wakati wa kuondoka ilikuwa mafuta, na viungo vya kumeng'enya chakula vilikuwa vidogo kupita kawaida. Ndege huyo naye huonekana kwenye matope yetu, ingawa si kwa wingi. Mwaka 2022 kinda mmoja wa aina hiyo, mwenye umri wa miezi mitano hivi, akiwa na kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua, kilomita 13,560, siku 11.

Na wakiwa angani kubomoa kunaendelea. Phil Battley na wenzake walipima ndege wa aina ya Calidris tenuirostris kabla na baada ya safari ya kilomita 5,400 hivi kutoka Australia hadi China. Karibu kila kiungo kilikuwa kimepungua. Vilivyobaki bila kuguswa ni viwili: ubongo na mapafu. Kwa mwanafunzi anayeelekea mitihani nadhani huo ni mpangilio mzuri wa vipaumbele, ingawa kwenye pasi ndefu zetu huwa tunaanza kupunguza usingizi, kisha ubongo.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakizungumzwi sana. Kunenepa kwenye joto ni kazi. Chakula kingi kinatoa joto jingi wakati wa kumeng'enywa, na mafuta chini ya ngozi yanalizuia lisitoke. Battley na wenzake walionyesha mwaka 2003, huko kaskazini magharibi ya Australia, kwamba ndege wanaojiandaa kuondoka wanahema, wanainua manyoya ya mgongoni ili upepo uingie, na wanapenda kusimama penye maji. Machi kwetu ndiyo hivyohivyo: kaskazi inaisha, upepo umelala, masika hayajakolea, jua liko kichwani. Ukiwaona wamesimama kwenye kina kifupi cha maji badala ya kingo kavu, wanapoza injini.

Sasa tuje kwenye sisi. Safari zetu za Bagamoyo nyingi zinaangukia wikiendi za Machi na Aprili, hasa Pasaka. Ndizo wiki hasa ambazo chamchanga anajaza tangi. Muda wake wa kula unapangwa na bahari, si na yeye: maji yakipwa anakula, mchana au usiku, yakijaa anasubiri. Siku za maji mafu eneo linaloachwa wazi ni dogo zaidi. Kila anaporushwa anapoteza mara mbili, muda wa kula na nishati ya kuruka, ambayo kwa dakika ni kama mara nane hadi kumi ya kukaa ametulia, au zaidi. Nimekaa kwenye matope karibu na mdomo wa Ruvu nikaona kundi moja likirushwa na mbwa, likatua, likarushwa na pikipiki, likatua, likarushwa na watu waliokuja kulipiga picha kwa simu. Wa mwisho walikuwa wamevaa fulana za chuo.

Sisemi safari zifutwe. Nilichopeleka kwa kamati ya michezo ni kidogo: mpira uchezwe kwenye mchanga mgumu upande wa mjini, matope ya upande wa mtoni tuyaache, na anayetaka picha aende Nunge maji yakiwa yamejaa, asimame mbali, atumie ile kamera yenye lenzi ndefu ya klabu ya habari. Mjumbe mmoja aliniuliza kama ndege wana kadi ya uanachama. Hoja yake imeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na ya kwangu pia, kura bado.

Kwa ulinganisho, wapo wenyeji ambao wana mbinu nyingine kabisa. Kuzumburu, yule mwenye mkia mrefu kama wa panya na kishungi, anayewatia hasira wenye mipapai, anakula majani na matunda, chakula chenye nishati ndogo. Usiku wanabanana kwenye tawi kama abiria wa daladala la jioni, kila mmoja akiokoa joto la mwenzake, na chakula kikiwa haba wanaweza kuruhusu joto la mwili lishuke. Asubuhi wananing'inia tumbo likiwa wazi kwa jua, wakipasha mwili moto bila kutumia akiba. Wanaojua ndege wavumaji wa Amerika watasema hilo ni dogo. Huko kwenye milima ya Peru mmoja alipimwa usiku akiwa na joto la mwili la nyuzi 3 na kitu. Ni kweli. Lakini kuzumburu yuko hapo nyuma ya bweni, huhitaji viza.

Na yupo mgeni wetu mwingine, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hatoki Siberia. Anazaliana kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba na Oman, njia ileile ya majahazi ya zamani. Anachimba shimo refu mchangani, anataga yai moja, na jua linafanya sehemu kubwa ya kazi ya kulalia. Giuseppe De Marchi na wenzake walipima mashimo hayo huko Eritrea, matokeo yakatoka mwaka 2008: joto la ndani lilikuwa karibu na lile linalofaa yai, na wazazi waliweza kuondoka kwa muda mrefu. Kazi ambayo ndege wengine wanailipia kwa miili yao, yeye ameipa mchanga. Akiba hiyo anaitumia baadaye: kinda linakuja naye mpaka pwani yetu, na bado linaomba kulishwa.

Mbegani, ambako wengi wa ndege hawa wanakula, ndiko ilikopangwa bandari kubwa. Makubaliano ya awali na China Merchants yalitiwa saini mwaka 2013, yakakwama mwaka 2019, na mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuyafufua mazungumzo. Mimi si mpinzani wa bandari. Nina ndugu wanaoisubiri kwa ajili ya ajira, na haki yao siidharau. Ninachotaka kiwe mezani siku ramani ikichorwa ni jambo moja la kifiziolojia. Ndege huyu anaweza kupunguza ini, kukuza tezi za chumvi, kubomoa utumbo na kuujenga upya ndani ya wiki chache. Eneo la matope analohitaji ili apate gramu zile 25 kabla ya mwezi wa nne kuisha ni kitu ambacho hana kiungo cha kukibadilisha.

Ukienda Juni au Julai, kusi ikivuma na bahari imechafuka, utakuta wachache bado wapo, wote wa kijivu, hakuna hata mmoja mwenye wekundu. Watu wanadhani ni wagonjwa walioachwa. Wengi wao ni vijana wa mwaka wa kwanza. Hawakunenepa Machi, hawakubadili manyoya, hawakujenga misuli ya safari. Kuzaliana wakiwa na umri huo kungewapa faida ndogo kwa gharama kubwa, kwa hiyo injini yao imebaki kwenye sailensa ya Bagamoyo, na wanaendelea kudonoa minyoo kwenye matope matupu mpaka wakubwa wao warudi mwezi wa nane.